Kila jioni mtandao wangu unazorota ilhali laini haijajaa: je, kosa ni la FreeBSD?

#1 Mwanabweyale

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkazi wa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, kando ya barabara kuu ya Kampala–Gulu. Tangu mwaka jana ninasambaza intaneti kwa wateja 84, wakiwemo wenye maduka, shule mbili, zahanati moja, nyumba za watu, na vijana wa makazi ya wakimbizi wanaosoma masomo yao mtandaoni. Ninanunua megabiti 100 kwa sekunde kutoka kampuni yenye leseni. Faiba inaingia dukani kwangu, inapita kwenye seva, kisha inapanda mlingoti wa mita 24 na kuwafikia wateja kwa redio za gigahezi 5.

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, yenye kichakataji cha viini vinne na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na ndani yake nimeweka FreeBSD, mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix. Kazi zote inazifanya hiyo hiyo: mpd5 inawaunganisha wateja kwa PPPoE (kila mteja anaingia kwa jina na nywila yake), FreeRADIUS inaangalia nani amelipa na nani hajalipa, Unbound inajibu maswali ya DNS (inageuza majina ya tovuti kuwa anwani), na PF, ambayo ni faiawoli, inafanya NAT, yaani inawatoa wateja wote kwa anwani moja, kwa sababu nimepewa hiyo moja tu ya hadhara. Sikununua ruta ya bei kubwa kwa kuwa fedha sikuwa nazo, na pia kwa kuwa niliamini, na hadi leo ninaamini, kwamba mtu wa mji mdogo anaweza kusimamisha kampuni ya intaneti kwa programu huria akiwa na subira.

Shida ni hii. Kila siku kuanzia saa moja na nusu jioni hadi karibu saa nne usiku, kurasa zinafunguka kwa taabu na simu za video zinakatika. Grafu inaonyesha megabiti 70 hadi 75, wala haijafika 100 hata siku moja. Saa nne ikipita, mambo yanarudi sawa bila mimi kugusa kitu. Fundi aliyenivutia faiba ameniambia niitupe FreeBSD. Je, ana haki?

#2 Fundi_Nakawa

Ana haki. Weka Debian, yaani Linux, pamoja na accel-ppp ya kuunganisha wateja, shida itaisha wiki hiyo hiyo. PF ilitengenezwa na watu wa FreeBSD zamani, wakati kompyuta zilikuwa na kiini kimoja, na hadi leo inatumia kiini kimoja tu. Viini vyako vitatu vimelala.

#3 Okello_wa_Lira

Fundi, hapo turekebishane. PF haikutengenezwa na FreeBSD. Iliandikwa kwa ajili ya OpenBSD, mfumo ndugu wa FreeBSD, baada ya OpenBSD kuiondoa faiawoli yake ya awali, IPFilter, kwa mgogoro wa leseni mwaka 2001, na ilitoka rasmi katika toleo la 3.0 mwezi Desemba mwaka huo. FreeBSD iliipokea ndani ya mfumo wake katika toleo la 5.3 mwaka 2004. Habari ya kiini kimoja ilikuwa kweli hadi FreeBSD 10 ilipotoka mwaka 2014, ambapo PF ilifanyiwa kazi kubwa ili itumie viini vingi. Kwa hiyo usimtupishe mwenzako mfumo mzima kwa kosa lililokwisha rekebishwa.

Hata hivyo, kuna sehemu ya maneno yako ambayo siikatai. Kadi ya mtandao inagawa pakiti kwa viini kwa kutazama anwani za IP. Pakiti ya PPPoE imefungwa ndani ya bahasha nyingine, kadi haizioni anwani zile, na matokeo yake pakiti zote za wateja zinapelekwa kwenye foleni moja, yaani kwa kiini kimoja. Mwanabweyale, saa mbili usiku fungua `top -P` uangalie kama kuna kiini kimoja kinachoteseka huku vingine vimepumzika. Ikiwa ndivyo, weka `net.isr.dispatch` kuwa `deferred` uone.

#4 Akiiki_Hoima

Kabla ya habari za viini, nauliza la msingi: una leseni? Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2013 inamtaka kila anayetoa huduma hizi awe na leseni ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. Nimeona watu wenye seva nzuri kabisa wakifungiwa kazi.

#5 Mwanabweyale

Ahsante Akiiki. Ninafanya kazi chini ya mkataba na kampuni yenye leseni, na ankara za wateja zinatoka kwa jina lake. Ombi langu mwenyewe ninaliandaa. Kodi pia ninaijua: tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, data ina ushuru wa asilimia 12, na juu yake VAT ya asilimia 18. Mteja haelewi kwa nini hata bei yangu ya chini ni kubwa.

Ndugu Okello, nimetazama jana saa mbili na dakika kumi. Kiini cha kwanza kilikuwa asilimia 62, vingine vitatu chini ya 15. Ni kweli hakuna uwiano, lakini huyo aliyebeba mzigo hajafika mwisho wa nguvu zake. Nimeweka `deferred` na mzigo umegawanyika vizuri. Jioni ya leo mtandao umezorota vilevile.

#6 Nalongo_Mitandao

Asilimia 62 ni wastani wa sekunde chache. Pakiti zinaposongamana kwa milisekunde 50 kiini kinaweza kuelemewa na usione kitu kwenye skrini. Na hiyo grafu yako unayoitegemea, je, inachora wastani wa dakika 5? Programu nyingi za kuchora trafiki tangu MRTG ya mwaka 1995 zimezoea dakika 5. Laini inaweza kujaa pomoni kwa jumla ya sekunde 130, ikawa nusu tupu kwa muda uliobaki, na grafu ikakuambia 72 bila kusema uongo wowote. Pima kila sekunde moja, kisha urudi hapa.

#7 Fundi_Nakawa

Nimekubali sahihisho la PF, Okello. Lakini NAT bado naishitaki. Anwani moja ina milango 65,536, yaani namba za kutofautisha miunganisho. Gawa kwa wateja 84, kila mmoja anapata 780. Simu moja ya kisasa inafungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja, na nyumba moja ina simu tano. Jioni milango inakwisha.

#8 Okello_wa_Lira

Hali ni mbaya kuliko ulivyosema na pia ni nzuri kuliko ulivyosema. Mbaya, kwa sababu PF usipoielekeza vingine inachagua milango ya NAT kuanzia 50001 hadi 65535 tu, yaani kama 15,500, hivyo kila mteja anabaki na 185 hivi. Nzuri, kwa sababu mlango mmoja unaweza kutumika tena iwapo muunganisho wa pili unakwenda anwani nyingine. Milango inakwisha pale tu watu wengi wanapoelekea mahali pamoja.

#9 Nalongo_Mitandao

Na jioni watu wote wanaelekea mahali pamoja. Wanatazama video za kampuni mbili tatu zilezile.

#10 Mwalimu_Koboko

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mgeni katika kazi hii. Je, haiwezi kuwa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti? Nilisoma kwamba PPPoE inakula baiti 8, inabaki 1492 badala ya 1500, na kurasa nyingine hazifunguki kabisa.

#11 Okello_wa_Lira

Mwalimu, ulilosema ni kweli na kila anayeanza alishike: MTU ni 1492, na kwenye faiawoli punguza MSS, yaani data inayobebwa ndani ya pakiti ya TCP, hadi 1452. Lakini MTU haijui saa. Kama ingekuwa hiyo, kurasa zingekwama hata saa sita mchana.

#12 Mzee_wa_Dishi

Wanangu, hamjambo. Naona vijana wanagombania FreeBSD na Debian, nami nina la kuwaeleza kuhusu jinsi FreeBSD ilivyoenea kwa mafundi wa rika langu. AfNOG, umoja wa waendeshaji mitandao wa Afrika, ulikuwa na warsha kila mwaka, na mwaka 2003 warsha ilifanyika Kampala. Somo la seva lilifundishwa kwa FreeBSD. Tulifundishwa kusimamisha DNS, barua pepe na ruta kwa mikono yetu, faili baada ya faili, hata mtu akatoka pale anajua kila kilichomo ndani ya mashine yake. Sifa ya mfumo ule kwetu ilikuwa hiyo: ukiharibika usiku, unajua pa kushika.

Wakati huo laini zetu zilikuwa za satelaiti. Satelaiti ile iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake kunakula karibu nusu sekunde. Kabla ya UIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti za Uganda hubadilishana trafiki, kuanzishwa mwaka 2001, barua ya mtu wa Nakasero kwenda kwa jirani yake aliyejiunga na kampuni nyingine ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena na kushuka Kampala. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, sisi tusio na pwani tukaanza kuzipata kupitia Kenya.

Sasa narudi kwako Mwanabweyale. Unaitazama seva yako kwa sababu ndiyo unayoimiliki. Je, umemtazama anayekuuzia? Megabiti 100 alizokuandikia huenda amewaandikia watu kumi na watano, akiwa na megabiti 500 tu za kuwagawia. Mchana mnatosha, jioni hamtoshi. Piga pingi, yaani pima muda wa pakiti kwenda na kurudi, hadi ruta yake ya kwanza, kisha hadi redio ya mteja wako mmoja, mchana na usiku. Utajua ugonjwa uko upande upi wa seva.

#13 Mwanabweyale

Shikamoo Mzee. Nimefanya kama ulivyoagiza, kwa siku mbili mfululizo, na hesabu nimeziandika kwenye daftari.

Hadi ruta ya kwanza ya anayeniuzia, mchana ni milisekunde 3. Saa mbili usiku ni 40, mara nyingine inaruka hadi 120. Hadi redio ya zahanati, mchana ni 4, usiku ni 90, na kati ya pakiti mia moja zinapotea sita. Yaani pande zote mbili zinaugua kwa wakati mmoja.

Nalongo, nimepima kila sekunde. Ulisema kweli: kuna sekunde ambazo laini inagusa 98. Jedwali la PF nimelitazama kwa `pfctl -si`, lilikuwa na miunganisho 41,300, na kikomo kwa `pfctl -sm` ni 100,000. Bado kuna nafasi.

#14 Nalongo_Mitandao

Basi kwangu mimi limeeleweka. Laini ikigusa ukomo, pakiti zinajipanga foleni kwenye kifaa cha anayekuuzia, na vifaa vingi vina foleni ndefu kupita kiasi. Foleni ya megabaiti 2.5 kwenye laini ya megabiti 100 inamaanisha pakiti ya mwisho inasubiri milisekunde 200. Hakuna kilichojaa kwenye grafu, lakini kila mtu anasubiri. Hamishia foleni kwako: punguza mwendo hadi megabiti 92 kwenye seva, utumie FQ-CoDel, njia ya kupanga foleni ambayo iko ndani ya dummynet, kidhibiti mwendo cha FreeBSD, tangu FreeBSD 11 ya mwaka 2016. Inawagawia wateja kwa haki, na simu ya video ya mtu haikai nyuma ya mtu anayepakua filamu nzima.

#15 Fundi_Nakawa

Linux ilikuwa nayo tangu keneli 3.5, mwaka 2012. Na tangu 4.19 ina CAKE, ambayo ni bora zaidi. Nasema tu.

#16 Opio_Soroti

Nalongo, maelezo yako yanatosha kwa zile 40 za upande wa juu. Hayaelezi zile 90 na pakiti sita zinazopotea upande wa redio. Redio za gigahezi 5 zinapokezana hewa: mmoja akisema, wengine wananyamaza. Mteja aliye mbali, mwenye antena iliyopinda, anasema polepole, na muda wote huo wenzake wanasubiri. Aidha wateja wawili wasiosikiana wanaweza kuzungumza kwa pamoja na pakiti zikagongana hewani. Jioni wote wanarudi nyumbani, na hewa inakwisha hata kama megabiti hazijaisha. Je, una wateja wangapi kwa kila antena ya mlingotini?

#17 Mwanabweyale

Antena tatu. Ya upande wa soko ina wateja 47.

#18 Opio_Soroti

47 ni wengi mno.

#19 Acen_Gulu

Nami nilete kisa changu. Hapa Gulu tulikuwa na ugonjwa wa jioni kama huo, tukabadilisha kila kitu kwenye seva kwa miezi miwili. Siku moja nilikuwa dukani umeme ukiwa hafifu, taa zimekuwa za njano kama mshumaa, nikaangalia swichi: mlango unaokwenda mlingotini ulikuwa umeshuka kutoka megabiti 100 hadi 10. Redio inapata umeme kupitia kebo ileile ya data, na kebo ina mita thelathini na kitu. Umeme wa mtaa ukishuka kila mtu anapopika na kuwasha taa, kule juu inafika volti haba, redio inajiwasha upya au inapunguza mwendo. Tulipanda, tukafungua kiunganishi, pini mbili zilikuwa za kijani kwa kutu, na tone la maji likaning'inia kwenye ncha ya kebo. Kaka, karibu na duka lako kuna kinu cha posho?

#20 Mwanabweyale

Dada Acen, umenishtua. Kinu kiko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wakati huu wa mavuno ya mahindi kinasaga kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, wakati mwingine hadi saa nne. Kikianza, feni ya seva inabadilisha mlio. Nilikuwa nausikia kila siku na sikuwahi kuufikiria.

#21 Fundi_Nakawa

Kwa hiyo FreeBSD imeshinda kesi kwa ushahidi wa kinu.

#22 Akiiki_Hoima

Bado. Jumapili kinu kinafungwa? Jumapili mtandao ukoje?

#23 Mwanabweyale

Akiiki, Jumapili kinu hakifanyi kazi, na ni kweli mtandao unakuwa afadhali, ingawa haupoi kabisa. Lakini Jumapili shule na maduka ya sokoni nayo yamefungwa, kwa hiyo siwezi kusema ni kinu au ni watu.

Foleni ya Nalongo nimeiweka tangu Jumanne. Jumanne usiku mganga wa zahanati alinipigia kunishukuru, maana alizungumza na daktari wa Kampala kwa video dakika ishirini bila kukatika. Nilifurahi nikadhani tumemaliza. Alhamisi saa mbili usiku alinipigia tena, picha imeganda. Mama mmoja aliyejifungua alikuwa kitandani mbele yake akisubiri ushauri. Ndiyo maana sitaki kubahatisha.

#24 Mzee_wa_Dishi

Alhamisi mvua ilinyesha huko?

#25 Kijana_wa_Busia

Mvua bila shaka ndiyo inayokata mawimbi.

#26 Opio_Soroti

Si kwa gigahezi 5. Mvua inaanza kuwa adui mkubwa kuanzia gigahezi 10 na kuendelea. Kwenye gigahezi 5 maji yanayoleta shida ni yale yaliyoingia ndani ya kiunganishi, kama alivyosema Acen.

#27 Mzee_wa_Dishi

Ndiyo hayo niliyoulizia. Na kama mlingoti hauna waya mzuri wa ardhini, radi za ukanda huu hazitakuacha. Kati ya mlingoti na seva weka faiba, hata mita kumi tu, kwa sababu faiba haipitishi radi. Nilipoteza seva mbili kabla ya kulijua hilo.

#28 Mwalimu_Koboko

Nimejifunza mengi, ahsanteni. Swali moja: kwa nini asiombe anwani zake mwenyewe na kujiunga na UIXP moja kwa moja?

#29 Okello_wa_Lira

Mwalimu, njia ipo lakini ina ngazi zake. AFRINIC, shirika la kugawa anwani za intaneti Afrika lililoko Mauritius, inatoa si chini ya anwani 256 za IPv4 kwa mwanachama, na kwa IPv6 inatoa fungu la /32 ambalo mji kama Bweyale hauwezi kulimaliza. Anahitaji pia namba ya ASN inayoutambulisha mtandao wake na kuzungumza BGP, lugha ambayo mitandao hutangaziana njia, na hiyo mashine yake inaiweza bila wasiwasi kwa programu ya BIRD au FRR. Gharama ni kuifikisha laini hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200.

Kwa sasa ningemshauri amwombe anayemuuzia ampe IPv6. Kampuni kubwa za video zinaipokea, na kila muunganisho unaopita huko hauhitaji mlango wa NAT. Mimi bado sijaiondoa NAT kwenye orodha ya watuhumiwa. Jedwali kuwa na nafasi si sawa na milango ya kuelekea anwani moja kuwa na nafasi.

#30 Nalongo_Mitandao

Nami bado nasimama kwenye foleni. Alhamisi huenda anayemuuzia alishuka chini ya megabiti 92, na foleni ikarudi kwake. Mzee alikwisha kusema kwamba wanagawana.

#31 Mwanabweyale

Nimewasikia nyote. Jumamosi asubuhi ninapanda mlingoti na mwenzangu, tutafungua viunganishi vyote vitatu. Wateja 20 wa upande wa soko nitawahamishia kwenye antena ya nne niliyoazima. Seva sitaigusa kabisa, ili nijue kilichobadilika.

#32 Acen_Gulu

Kaka, usibadilishe viunganishi na antena siku moja, hutajua kipi kilisaidia. Anza na viunganishi, usubiri jioni nne. Na kabla hujapanda, saa mbili usiku wa Ijumaa, kinu kikiwa kinasaga, weka kipima-volti kwenye soketi ya redio uandike kinachosomeka.

#33 Mwanabweyale

Ijumaa, saa 2:05 usiku. Kinu kinasaga. Kwenye soketi ninasoma volti 187, na inapaswa kuwa 240. Mlango wa swichi unaokwenda mlingotini bado unaonyesha 100. Pingi ya zahanati ni 88.